Nguo ya Kazi Mikononi mwa Fundi wa Butembo

Butembo, mji wa mashariki mwa Kongo, iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za baridi. Kabla ukungu haujaondoka vilimani, madereva wa pikipiki wamekwisha kutoka, na wengi wao wamejifunika jaketi za turubai nzito zilizoshonwa kwa ajili ya mafundi makanika na wajenzi wa nchi za mbali. Chini wamevaa suruali zenye kitambaa cha ziada magotini, au salopeti ya jinzi yenye kifua na mikanda ya mabegani. Kwamba dereva anahitaji kitu cha kuzuia upepo, hilo linaeleweka. Lakini jaketi ile kumkaa mabegani kama iliyokatwa kwa kipimo chake, na vijana wasio na pikipiki kuitamani hadi kuivaa Jumapili, hiyo ni kazi ya fundi cherehani.

Nguo hizi hufika katika mabalo ya mitumba, nyingi zikipitia Uganda hadi mpaka wa Kasindi. Fundi ninayemtazama hainunui nguo kwa rangi. Huiinua kwenye mwanga kutafuta mahali palipokonda, huvuta kwa nguvu pale miguu ya suruali inapokutana, kisha hupitisha kidole gumba juu ya kila mshono. Doa la rangi halimsumbui. Goti lililopauka hulifurahia, maana vijana wanalipenda. Kitambaa kilichochoka pajani ndicho hukirudisha kwa muuzaji bila maneno mengi.

Nguo hulala kwenye maji ya sabuni usiku kucha ili mafuta ya mashine yaachie, husuguliwa kwa burashi, kisha huanikwa. Turubai haikauki upesi, na Butembo mvua haiko mbali. Fundi husubiri. Kitambaa chenye unyevu ukikikata, kitajivuta baadaye na kipimo kitaharibika.

Siku ya kupima, mteja huivaa suruali ndani nje. “Papa, unipunguzie miguu, ibane hapa chini.” “Simama vizuri, mwanangu. Usivute tumbo.” Fundi hupiga goti, hubana ziada kwa pini kuanzia nyonga hadi kifundo, kisha huchora mstari kwa kipande chembamba cha sabuni iliyokauka. Humwambia kijana akae, achuchumae, ainuke tena. Mstari ukikaza gotini, huufuta kwa kidole na kuuchora upya.

Halafu huja kazi inayokula muda kuliko zote: kufumua. Mshono wa nguo ya kazi si wa kawaida. Kingo mbili za kitambaa zimekunjwa zikaingiliana, ukingo usionekane popote, kisha zikashonwa kwa mistari miwili au mitatu. Ulifanywa ili usiachie hata mwenye suruali akipanda ngazi na mzigo begani. Kila mguu huwa na mshono huo upande mmoja, na upande wa pili mshono mwepesi. Fundi mwenye haraka hupunguza upande ule mwepesi peke yake. Baada ya kufua mara chache, mguu wote hupinda, mshono wa nje ukahamia mbele ya goti. Fundi ninayemtazama hufumua pande zote mbili. Anakata uzi kwa ncha ya wembe, shono moja anakata, matatu anaacha, kisha anageuza kitambaa na kuvuta uzi wa chini, nao unatoka mrefu, mzima. Mstari wa pili vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo. Wembe haugusi kitambaa. Nimekaa hapo hadi chai ikapoa mara mbili, naye alikuwa bado kwenye mguu wa kwanza.

Mshono ukifunguka, hutokea ukanda wa rangi ya zamani, mweusi wa buluu, ambao jua halikuufikia miaka yote. Ukiachwa nje, kila mtu ataona kwamba nguo imepunguzwa. Fundi hupanga mkunjo mpya ili ukanda huo uzame ndani. Pindo la chini hulitenga zima na kulirudisha mwishoni, kwa sababu mpauko wake hauigiki.

Cherehani yake ni ya kukanyaga. Hutoa sindano ya kila siku, huweka namba 18. Kwa kuwa uzi mnene ni adimu, hupitisha nyuzi mbili za kahawia katika tundu moja. Mahali mishono inapokutana, kitambaa hufika tabaka sita na zaidi. Hapo hukiweka juu ya chuma na kukigonga kwa nyundo mpaka kilale. Akifika hapo na sindano, mguu wake huacha kukanyaga. Hukunja kipande cha jinzi na kukiweka nyuma ya mguu wa cherehani ili usiinamie upande, kisha huzungusha gurudumu kwa mkono, shono moja moja.

Vile vifungo vidogo vya shaba kwenye pembe za mifuko havigusi. Navyo vilitoka kwa fundi cherehani: Jacob Davis wa Reno, Nevada, aliyekuwa akivigongelea kwenye suruali za vibarua ili mifuko isichanike. Yeye na Levi Strauss walipata hataza ya ubunifu huo Mei 20, 1873.

Jaketi za kupelekwa Beni zina utaratibu wake. Beni iko kama kilomita 50 na ushei kaskazini, chini zaidi, na joto lake halivumilii bitana. Hapo fundi huondoa bitana yote, kisha hufunika kingo zilizobaki wazi kwa utepe wa pamba, kazi ambayo mvaaji peke yake ndiye ataiona.

Mwisho ni pasi ya makaa. Huipepea majivu yatoke, hudondosha tone la maji kusikiliza joto, hutandika kitambaa kibichi juu ya mshono na kukandamiza bila kusugua.

Madukani Butembo kuna jinzi mpya za bei nafuu, kwa kuwa wafanyabiashara wa mji huu wanaagiza mali kutoka Dubai na Guangzhou. Nyingi nilizozishika ni nyepesi. Kwa maoni yangu, suruali iliyopita kwa fundi huyu inazishinda kwa umbo na kwa uimara pia. Basi ukimpelekea fundi nguo ya kazi, usimwambie unaitaka jioni, mwachie wiki. Na siku ya kuichukua, igeuze kwanza ndani nje, uitazame mishono, ndipo mzungumze bei.