Wino Usioiva

Karakana ya kuchapa fulana haina vitu vingi. Kuna fremu zilizovutiwa meshi, kuna skwiji, ule ubao wenye ulimi wa raba unaopitisha wino, kuna mashine ya mikono ya rangi nne au sita, sanduku la taa la kuchomea skrini, na hita ya kuivishia wino. Kila kimoja kinaweza kuharibika, na kikiharibika mara nyingi kinakaa kimya. Taarifa inatolewa na fulana. Inatoka na vitobo kwenye herufi, au nyekundu imepanda juu ya njano, au inatoka safi kabisa na kuanza kupasuka baada ya mteja kuifua nyumbani kwake. Fundi ninayemheshimu kuliko wote katika kazi hii ni yule anayeishika hiyo fulana mbovu na kurudi nyuma nayo, kifaa kwa kifaa, mpaka akute kosa lilipoanzia.

Haraka ndiyo inayowaponza wengi. Chapa ikitoka vibaya, fundi mwenye papara anabadilisha wino, anaongeza muda wa taa, anakaza skrubu na kukandamiza skwiji, yote kwa mkupuo mmoja. Mara nyingine kazi inanyooka. Ila hajui kati ya hayo manne lipi limeinyoosha, na wiki ijayo shida ileile ikirudi anaanza upya na mikono mitupu. Fundi mvumilivu anagusa kitu kimoja, anachapa, anatazama. Kwa mteja anayesubiri mlangoni huo ni uzembe. Kwangu mimi ndio ufundi wenyewe.

Chukua shida ya dawa kubanduka. Dawa ni ile inayopakwa kwenye meshi ikauke gizani, kisha ichomwe kwa mwanga. Palipopigwa na mwanga panakuwa pagumu, palipozibwa na mchoro panabaki laini na kuondoka kwa maji, na hapo ndipo wino utakapopita. Sasa asubuhi skrini imechomwa kwa muda uleule wa siku zote, inaoshwa, na kingo za herufi zinaondoka na maji. Wa kwanza kulaumiwa ni taa, na lawama hiyo ina msingi, maana tyubu huchoka na kupunguza mwanga unaohitajika huku jicho likiona bado zinawaka vizuri. Lakini tuko Dar es Salaam, mwezi wa nne, masika yameshika, na hewa ya karakana imelowa. Dawa iliyopakwa jana jioni ukiigusa haikushiki kidole, kumbe ndani bado ina maji, na dawa yenye maji haigandi sawasawa hata uichome mara mbili ya muda wake.

Utajuaje basi kama ni taa au ni hali ya hewa? Fundi anapaka dawa skrini mbili kutoka kopo moja. Moja anaiacha ikauke kama kawaida, nyingine anaiweka kwenye kabati lenye feni na joto kidogo, siku nzima. Anazichoma zote kwa taa moja na muda mmoja. Ile ya kabatini ikitoka imara na mwenzake ikabanduka, taa imesafishika na lawama. Zikibanduka zote mbili, ndipo anachukua kipande cha kadibodi na kuchoma skrini nyingine kwa ngazi: anafunua sehemu kidogo kidogo, kila sehemu ipate mwanga zaidi ya iliyofuata, kisha anaosha na kuangalia ngazi ipi imeshika bila kuziba mistari myembamba. Sijaona kipimo cha bei nafuu kinachosema ukweli mwingi kiasi hicho. Kadibodi, saa na maji ya bomba.

Vitobo vidogo vinavyotokea kwenye skrini iliyoganda vizuri havina siri kubwa. Ni vumbi juu ya kioo cha taa, au mafuta ya mikono kwenye meshi ambayo haikuoshwa kwa sabuni ya vyombo kabla ya kupakwa. Vinazibwa kwa brashi na tone la dawa.

Meshi ndiyo yenye mambo. Mwaka 1907 Mwingereza Samuel Simon wa Manchester alipata hataza ya kuchapa kwa kupitisha rangi kwenye hariri iliyowambwa kwenye fremu. Hariri imeondoka, polista imeingia, lakini tabia ya kulegea imebaki palepale. Katika karakana zetu nyingi fremu ni ya mbao, kazi ya seremala wa jirani, na meshi imeshikwa kwa pini za stepla. Kila skrini ikioshwa mbao inakunywa maji, ikikauka inajikunja, na baada ya kazi kadhaa kona moja inakuwa imenyanyuka. Wenye kipimo wanapima mkazo kwa nyutoni, na meshi ya fulana ikiwa kati ya 20 na 25 kwa sentimita iko vizuri. Wasio na kipimo wanagonga kwa ukucha na kusikiliza: meshi nzuri inalia kama ngoma iliyotoka kupashwa moto, iliyochoka inatoa mlio mfu.

Kuhusu meshi hiyo kuna mazungumzo ninayoyapenda, niliyoyasikia katika karakana moja kati ya fundi mzee na kijana wake. Kazi ya rangi tatu ilikuwa inapishana, nyekundu inakimbia kuelekea kwenye kola.

“Mzee, mikono ya mashine imelegea, nikaze?” kijana akauliza.

“Usikaze kitu, dogo. Chapa fulana moja kwa kuvuta skwiji. Nyingine chapa kwa kusukuma. Mashine iache ilivyo.”

Kijana akachapa. Mzee akaziweka fulana mbili zikipandana, akazilinganisha mishono ya mabega, akazinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Ile ya kuvutwa na ile ya kusukumwa hazikukaa pamoja. Mikono ya mashine ingekuwa imelegea, chapa zingeyumba ovyo, huku na kule, bila kufuata skwiji. Zikihama kufuata upande skwiji inakokwenda, meshi ndiyo inayoburutwa. Skrubu zikaachwa. Meshi ya nyekundu ikang'olewa na kuvutwa upya. Mwanya kati ya skrini na fulana, ambao wao wanaupima kwa kuweka sarafu chini ya fremu, ukarudishwa kwenye milimita mbili hadi tatu. Kwa meshi iliyolegea walikuwa wameuongeza polepole bila kujua, ili skrini iweze kubanduka kwenye wino, na kila walivyouongeza mchoro ulizidi kuvutika.

Ulimi wa skwiji nao una lake. Raba yenye kona kali inakata wino. Ikishakuwa ya mviringo inaumwaga. Wengi wanabonyeza zaidi kufidia, na hivyo wanaiua meshi ambayo haikuwa na kosa. Tiba ni kuunoa juu ya msasa uliobandikwa kwenye ubao ulionyooka, na kuupumzisha baada ya kuoshwa kwa thina, kwa sababu raba ikinyonya thina inavimba na kulainika.

Kosa gumu kuliko yote linatoka kwenye hita, kwa kuwa halionekani karakanani. Wino wa plastiso haukauki kwa hewa hata uuache mwezi. Unahitaji joto la karibu nyuzi 160 lifike mpaka chini ya tabaka la wino, pale unaposhikana na uzi. Juu ukiiva na chini ukabaki mbichi, fulana inapendeza, inakunjwa, inalipiwa, halafu inapasuka kwenye beseni. Bunduki ya kupimia joto inasoma uso tu, ndiyo maana inawadanganya wengi. Fundi makini anasubiri fulana ipoe na kuivuta chapa kwa vidole gumba viwili, kisha anaitazama kwa karibu: wino ulioiva unanyumbuka na kurudi, mbichi unaonyesha mipasuko.

Niliwahi kukuta karakana ambayo fulana zake za mchana zilikuwa hazina tatizo na za jioni zikirudi na malalamiko. Wino mmoja, skrini ileile, kijana yuleyule, kasi ya mkanda unaopitisha fulana kwenye hita haikuguswa. Fundi akafuatilia saa. Jioni mtaa mzima unawasha taa, majiko na majokofu, na umeme unashuka. Hita ni waya unaopata moto, na nguvu yake inafuata kipeo cha pili cha volti. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, yaani asilimia 13, hita inapoteza karibu robo ya nguvu yake. Hita inawaka, nyekundu yake inaonekana, mkanda unakwenda, na wino unatoka mbichi.

Stabilaiza kubwa ya kubeba hita ni gharama ambayo karakana ndogo huiahirisha, kwa hiyo akafanya alichoweza. Akachomeka mita ya volti kwenye soketi iliyo kando ya hita, mahali ambapo anayepakia fulana hawezi kuikwepa. Ikishuka chini ya 220 mkanda unapunguzwa kasi, na kila fulana ya kumi inavutwa kwa vidole. Ikishuka chini ya 200 kuchapa kunasimama, muda huo unatumika kuosha skrini na kupaka dawa za kesho. Mwenye karakana alilalamika kwamba wanapoteza saa nzima za jioni. Fundi akamwonyesha rundo la fulana zilizorudishwa kwenye kona, akamwomba azihesabu mwenyewe, kisha akarudi kwenye meza yake kuendelea kunoa skwiji.