Kwa Washika Daftari la Mchango

Tangu Oktoba 2024, SHA iliposhika nafasi ya NHIF katika bima ya afya ya umma nchini Kenya, SHA ndiyo inayolipia tiba ya saratani hadi kikomo chake. Lakini bima hailipi boti ya kutoka Chundwa, huko Lamu, wala basi la kutoka Mokowe hadi Mombasa, wala mlo wa ndugu anayemwuguza mgonjwa. Hapo ndipo anapoingia mshika daftari la mchango: hupigia simu walio Mombasa na Ghuba, hupokea hata shilingi 50 kwa M-Pesa, akaziandika kwa jina la mtoaji. Hukumbusha walioahidi wakanyamaza, kazi isiyo na shukrani hata chembe. Na mgonjwa wa kemotherapia hurudi hospitali tena na tena, nauli ile ile. Hongereni, washika daftari. Nawe msomaji, simu yao ikilia, pokea.