Starlet ya Chini ya Mkungu

Wageni wengi huja Kizimkazi kwa ajili ya pomboo. Siku ile nami nilikwenda kwa hao hao, lakini nilipofika upande wa Mkunguni nikaikuta Starlet ya milango mitatu imeegeshwa chini ya mkungu, na boti ikaondoka bila mimi.

Ukiitazama kwa mbali, ni Starlet tu. Ni ile EP82 ambayo Toyota ilianza kuiuza mwishoni mwa 1989. Nikaizunguka mara mbili ndipo macho yalipoanza kufunguka. Imeshushwa kidogo, labda vidole viwili, na nafasi kati ya tairi na fenda ni ile ile pembe zote nne. Hapo nikajua kuwa springi hazikukatwa. Gari lililokatwa springi halijifichi: huinamisha pua, na kila shimo hulipokea mgongo wa dereva.

Mwenyewe alikuwa kando, kijana wa boti za watalii. Nikamuuliza kwa nini hakuishusha zaidi.

"Ningependa, sheikh. Lakini Jozani nitapitaje?"

Barabara ya kutoka mjini hupita Jozani, na hapo pana matuta yaliyowekwa ili magari yasiwagonge kima punju wanaovuka. Kimo cha Starlet ile kimepimwa kwa matuta hayo. Sijapata kusikia hoja nzuri kuliko hiyo ya kushusha gari au kuacha kulishusha.

Rimu nazo zina akili yake. Ametoa zile ndogo za inchi 13 akafunga za inchi 14, na tairi za 175/60, saizi ile ile ambayo Toyota yenyewe iliifunga kwenye Starlet GT. Kimo cha tairi hiyo ni karibu sawa na cha 165/70 ya inchi 13, kwa hiyo spidomita haidanganyi na tairi halikwaruzi fenda dereva akikata kona. Injini hakuigusa. Ni 4E-FE, cc 1,331, valvu 16, gia za mkono. Ndugu yake mwenye turbo alitoka kiwandani na nguvu za farasi 135, na wapo vijana wanaoiota turbo hiyo usiku na mchana. Lakini gari lenyewe lina uzito wa kilo 800 hivi. Injini nzima, iliyotunzwa, inalitosha kabisa kwa barabara zetu. Ekzosi pia ni ya kimya, maana kijana hutoka alfajiri, na nyumba za jirani zina watoto waliolala.

Yote hayo ni mazuri, ila kilichonifanya nipige magoti mchangani ni bodi. Starlet huanza kuoza kwenye kingo za fenda za nyuma na chini ya milango, ndani kwa ndani, rangi ikiwa bado inang'aa. Ukiona kipele kidogo, jua chuma kimeshaliwa. Na hapa gari linalala hatua chache kutoka baharini, mwenyewe hupanda na nguo zilizolowa maji ya chumvi. Nikapitisha kidole chini ya ukingo, polepole, nikitafuta puti. Nikagonga kwa kucha. Ulikuwa mlio wa chuma kitupu, kuanzia mlangoni hadi kwenye bampa.

Akanieleza anavyofanya. Kila jioni humwagia maji ya kisima chini ya gari, hata kama juu halikuchafuka. Matundu ya kutolea maji chini ya milango huyazibua kwa kijiti, kwa sababu maji yakituama ndani ndiyo yanayoua. Kisha mara kwa mara hulala chini na brashi akapaka oili chafu kwenye chesisi na kila kiungo, akiacha ekzosi na breki. Babu yake alikuwa mvuvi, akiipaka ngalawa yake sifa, yale mafuta ya papa, ili maji yasiingie kwenye mbao. Mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni mafuta tu.

Nimeona magari ya bei mara kumi ya lile, na sijaona lililofanyiwa kazi safi zaidi. Nawe ukienda Kizimkazi, pomboo watazame, lakini ukirudi pwani pita chini ya mkungu. Omba ruhusa kwanza, kisha inama upitishe kidole chini ya ukingo wa fenda ya nyuma.