'Ningependa kuikubali kazi' si jibu la barua ya ajira

Juzi kijana mmoja alinionyesha barua aliyokusudia kumpelekea mwajiri: "Ningependa kuikubali kazi mliyonipa." Nikamuuliza, "Kwani nini kinakuzuia?" Akacheka.

Kiambishi -nge- huonyesha masharti: tendo lingefanyika iwapo jambo fulani lingetimia. Anayeisoma sentensi hiyo ana haki ya kusubiri "lakini". Wengi hudhani ni adabu kwa kuwa Kiingereza huonyesha heshima hivyo. Katika Kiswahili, shukrani ndiyo hubeba adabu: "Nashukuru kwa nafasi mliyonipa. Naikubali, na nitaripoti kazini tarehe mliyotaja." Anayekataa naye aandike: "Nashukuru, ila niwieni radhi, sitaweza kuichukua."

La sivyo, mwajiri ataingoja hiyo "lakini", achoke, nafasi ampe mwingine.