Kamera ya Kopo: Kwa Nini Duara Linalishinda Boksi

Watu wakionyeshwa picha iliyopigwa kwa kopo la kahawa husifu kwanza unyonge wa kifaa: hakina lenzi, hakina betri, na jana kilikuwa kinakwenda jalalani. Ni sifa ya huruma, nayo inaliacha jambo lenyewe pembeni. Kopo dogo la bati lina ubora ambao boksi la mbao lililochongwa na fundi stadi halina, na ubora huo unatokana na umbo lake. Uchambuzi huu unahusu umbo hilo, kisha namna ya kulitumia katika mwanga wa pwani, kuanzia Bunju na Mbweni hadi Bagamoyo mjini na Kaole.

Kanuni ya tundu ni kongwe. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra katika karne ya 10, aliichunguza kwa kuruhusu mwanga uingie gizani kupitia uwazi mdogo. Sisi wengine tuliiona bila kuitafuta tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kuonekana kama pete kule Rujewa, Mbarali. Sehemu nyingine za nchi lilimegwa tu, na popote penye mwembe na anga safi, kila kidoa cha mwanga kilichopenya kwenye majani kilianguka chini kikiwa hilali. Kila pengo la majani lilikuwa linachora picha ya jua.

Sasa tuje kwenye umbo. Chukua kwanza boksi: karatasi ya picha imenyooka nyuma, tundu liko mbele. Mwanga unaoingia moja kwa moja hugonga katikati ya karatasi bila taabu. Ule unaoingia kwa ubavu hupata hasara tatu: tundu kwake limebanwa, safari yake ni ndefu zaidi, na unaigonga karatasi kwa mshazari. Hasara hizo zikizidishana, mwanga wa pembe ya nyuzi 45 unabaki robo tu ya ule wa katikati. Ndiyo maana picha za boksi pana huwa na giza pembeni.

Kunja karatasi hiyohiyo ndani ya kopo, mkabala na tundu lililotobolewa ubavuni. Mwanga wa ubavu bado unakuta tundu limebanwa, bado unagonga kwa mshazari, lakini safari yake sasa ni fupi kuliko ya katikati, kwa kuwa ukuta wa duara umeusogelea. Ufupi huo unafidia hasara mbili zilizobaki, na ukipiga hesabu unakuta zinafidiwa sawasawa: kwenye mstari wa kati wa kopo, karatasi yote inapata mwanga ule ule toka mwisho mmoja hadi mwingine. Hakuna aliyelichonga kopo kwa kusudi hilo. Liliumbwa kubeba kahawa.

Sharti lake ni kwamba bati lenye tundu liwe jembamba, maana tundu kwenye bati nene ni bomba, na bomba huziba mwanga wa pembeni. Kwa hiyo usitoboe kopo lenyewe kwa msumari. Kata dirisha dogo ubavuni, kisha ubandike ndani kipande cha alumini ya kopo la soda. Kipande hicho kitobolewe kikiwa kimelala juu ya kadibodi: kandamiza ncha ya sindano nyembamba mpaka uvimbe utokee upande wa pili, usiisukume ipite. Geuza, sugua uvimbe kwa msasa laini sana, gusa tena kwa ncha, sugua tena. Kingo zikiwa na vinyweleo vya bati, picha yote itakuwa na ukungu, na hakuna dawa itakayouondoa baadaye.

Ukubwa wa tundu nao haukisiwi. Likiwa kubwa, picha inafifia. Likiwa dogo mno, mwanga wenyewe hutawanyika kingoni na picha inafifia vilevile. Kwa kopo lenye upana wa sentimita 7, tundu linalofaa ni karibu milimita 0.35. Kupima si kazi: peleka kipande kwenye duka la steshenari, kipigwe skana ya nukta 1,200 kwa inchi, kisha uhesabu. Ukipata nukta 16 au 17 upana, umefika. Ndani ya kopo paka rangi nyeusi isiyong'aa, na mshono wa kifuniko uzungushie utepe mweusi. Makopo mengi yanayolaumiwa kuwa na tundu baya yanavuja mwanga kwenye kifuniko.

Upana wa kopo ukiugawa kwa tundu hilo unapata 200, wakati lenzi ya kawaida juani huwekwa 16. Karatasi ya picha nayo ni nzito kupokea mwanga. Jumla yake ni kama nusu dakika kwenye jua kali, na dakika kadhaa mawingu yakitanda. Hapa ndipo pwani inapodai ratiba yake. Majengo yanayotazama bahari hupata jua usoni asubuhi, hivyo saa mbili hadi saa nne ndio muda wake. Jua likifika utosini, baraza zote zinageuka mashimo meusi. Vyombo navyo vipigwe maji yakipwa. Ngalawa inayoelea itatoka moshi mtupu, lakini jahazi lililoketi mchangani halitikisiki hadi maji yajae.

Karatasi ya picha huona zaidi rangi ya buluu na karibu haioni nyekundu. Anga la Bagamoyo litaungua na kuwa jeupe tupu, kuta za chokaa zitang'aa, na mabati yenye kutu yatatoka meusi kuliko yalivyo.

Duara lina ukorofi wake pia. Mistari ya wima hubaki wima, kwa hiyo mnazi hausumbui. Upeo wa bahari, ukiwa usawa wa tundu, hunyooka kama rula. Ila mstari wowote wa mlalo ulio juu ya tundu huinama pande zote mbili, na jengo refu kama Boma la Wajerumani la Bagamoyo, la mwaka 1897, hutoka na paa lililopinda. Anayetaka paa lililonyooka arudi nyuma mpaka jengo liwe dogo katikati ya picha, au atumie boksi na akubali giza la pembeni. Mimi nachagua paa lililopinda.

Kusafisha picha kunawezekana kwa kilichokuwa ndani ya kopo. Mwaka 1995, Scott Williams na wanafunzi wake katika Taasisi ya Teknolojia ya Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya unga inayoyeyuka ikichanganywa na kitu cha alkali huweza kusafisha picha. Baadaye watu waliongeza vitamini C. Kwa nusu lita ya maji weka gramu 20 za kahawa, gramu 8 za vitamini C, yaani vidonge 16 vya miligramu 500, na gramu 27 za soda ya kufulia. Robusta, iliyo nyingi Kagera, inafaa kuliko arabika, kwani asidi zake zinazofanya kazi hii ni nyingi zaidi. Kopo la gramu 50 linatosha mara mbili, na kinachobaki unakunywa. Soda ya kufulia ikikosekana, magadi yanafaa baada ya kukaangwa: moto huyatoa maji na hewa ya kaboni, yanapungua karibu theluthi ya uzito, na ukali wake unapanda. Yasiyokaangwa ni dhaifu. Kazi hii ifanyike usiku kwa taa nyekundu. Umeme ukikatika mtaa mzima, ni nafuu zaidi, mradi una tochi ya kufunika kwa plastiki nyekundu.

Kwenye kushikiza picha ndipo jikoni panapokwama. William Henry Fox Talbot, katika miaka ya 1830, alituliza picha zake kwa maji ya chumvi kali, kabla ya John Herschel kuonyesha mwaka 1839 kwamba thiosulfeti ya sodiamu huziyeyusha chembe za fedha zisizopigwa na mwanga. Chumvi ya Bagamoyo itafanya kama ilivyomfanyia Talbot: loweka karatasi usiku kucha, na picha itatulia kwa muda, si milele. Ukikosa thiosulfeti, piga skana mara picha inapokauka, kisha geuza kwenye simu weusi na weupe, ambao kwenye karatasi huwa kinyume.

Siku ya kamera za tundu duniani huadhimishwa Jumapili ya mwisho ya Aprili, ambayo kwetu ni katikati ya masika. Karatasi ikinyonya unyevu huvimba na kuchomoka kutoka ukutani mwa kopo, na kutu nayo haisubiri. Atakayeanza msimu huo atoboe na kupima tundu lake wakati wa mvua, na karatasi aifungue Juni.