Sarafu za Kumbukumbu: Dhahabu ni Moja, Tumaini ni Jingine



Mama mmoja mjane alinijia chuoni baada ya sala ya alasiri, mkononi ana kikasha cha mahameli. Ndani yake mlikuwa na sarafu ya dhahabu iliyopigwa ng'ambo kwa kumbukumbu ya arusi ya kifalme, pamoja na karatasi nzuri isemayo kwamba sarafu hizo ni chache na thamani yake itapanda mwaka hata mwaka. Aliinunua kwa fedha za mayatima wake. Akaniuliza, "Maalim, niiweke mpaka watoto wakue?" Nikamjibu, "Twende kwanza kwa sonara, mwanangu."

Sonara aliitia mizanini, akapiga hesabu, akatwambia kwamba kwa fedha zile angalipata dhahabu karibu mara mbili ya ile. Basi ile nusu nyingine ya fedha imekwenda wapi? Imekwenda katika mahameli, katika karatasi, na katika tumaini. Mahameli na karatasi tunaviona. Tulipime hilo tumaini.

Karatasi yasema "chache". Chache kwa nani? Sarafu elfu kumi zenye kutafutwa na watu elfu tatu si chache. Ni nyingi mno. Tena tuangalie jinsi kitu kinavyoadimika. Mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, Seyyid Barghash bin Said wa Unguja alipigisha riale zenye jina lake kwa khati ya Kiarabu, za fedha na za dhahabu. Zilikuwa pesa, hazikuwa mapambo. Leo zile za dhahabu ni adimu sana, na wakusanyaji hushindana kwazo. Aghlabu sarafu ya zamani huadimika kwa sababu ilitumiwa: nyingine zikayeyushwa, nyingine zikapotea. Lakini sarafu iliyozaliwa ndani ya kikasha, kila aliyeinunua ameifungia kabatini akingojea siku ile ile. Siku hiyo ikifika, makabati yote yatafunguliwa kwa pamoja. Kinachohifadhiwa na wote hakiadimiki.

Tuchukue mfano wa kwetu. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 katika kumbukumbu za kuhifadhi wanyama wa porini. Upande mmoja mna sura ya Mwalimu Nyerere, upande wa pili duma. Kazi yake ni nzuri, na mimi sitaitia ila. Uzito wake ni gramu 33.4, na dhahabu safi iliyomo ni kama gramu 30. Hebu tazama: ile shilingi 1,500 iliyoandikwa juu yake leo hainunui hata kilo moja ya mchele mzuri. Zile gramu 30 zimebaki gramu 30, na bei yake imepanda mara nyingi. Aliyeiweka hakupata khasara, lakini kilichomlinda zaidi ni uzito.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1986 Japani ilitoa sarafu ya yen 100,000 kwa kutimia miaka 60 ya utawala wa mfalme Hirohito. Ilikuwa na gramu 20 za dhahabu safi, ambazo kwa bei ya siku zile hazikufika nusu ya yen zilizoandikwa. Zilipigwa kiasi cha milioni 10. Pengo lile la bei likawatia watu tamaa, na mwaka 1990 ikagunduliwa kwamba zaidi ya 100,000 za bandia zimeingizwa nchini, nazo zimetengenezwa kwa dhahabu ya kweli! Leo dhahabu imepanda hata ile iliyomo imeipita mbali yen 100,000. Hapa pia aliyemwokoa mwenye kuweka ni dhahabu. Wingi wa milioni 10 haukumpa mkusanyaji cha kujivunia.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba hakuna sarafu mpya itakayopata bei kubwa. Zipo zilizopigwa kidogo kweli kweli, na watu wakazipenda. Lakini nani ajuaye leo ni ipi? Muuzaji lau angelijua, asingeliiuza. Wahenga wamesema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na kungoja kwenyewe kuna gharama. Sarafu tatu za duma zina dhahabu safi ya gramu 90, na nisabu ya zaka ni kama gramu 85. Mwenye kuziweka mwaka mzima atatoa sehemu moja katika arubaini, na mwakani vivyo hivyo, madhali hazijapungua nisabu. Hili karatasi ya muuzaji haitaji.

Basi ukitaka sarafu kwa kuipenda sura yake, inunue kwa fedha yako ya ziada, na ujue kwamba umenunua pambo. Ukitaka akiba, nunua uzito, na umwache sonara aseme kabla hujatoa fedha, si baada yake. Ama mali ya yatima ni amana. Haichezewi tumaini la mtu mwingine.

Yule mama nilimshauri asinunue ya pili, na ile aliyo nayo aiandike katika daftari la watoto kwa gramu zake, si kwa bei ya karatasi. Aliandika pale pale, mkono ukimtetemeka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wabillahi tawfiq.