Mtengeneza Ngozi wa Arbois: Nafasi ya Baba katika Wasifu wa Pasteur

Utangulizi

Jina la Louis Pasteur linajulikana kwa kila mwanafunzi aliyepitia somo la biolojia. Jina la baba yake, Jean-Joseph Pasteur (1791–1865), linajulikana kwa wachache, na hao wachache mara nyingi wamelipata katika chemchemi moja: kitabu La Vie de Pasteur, alichokitoa René Vallery-Radot mwaka 1900. Mwandishi huyo hakuwa mtu wa nje. Alimwoa Marie-Louise, binti ya Pasteur, mwaka 1879, na mwaka 1883 alikuwa ameshachapisha, bila kutia jina lake, kitabu cha kwanza juu ya mkwewe. Kwa hiyo wasifu huu ni ukoo unaojisimulia wenyewe. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi ukoo huo ulivyomsimulia mtu aliyeulisha kwa kazi ya ngozi, na kuuliza ni kitu gani kilichofifia katika masimulizi hayo.

Ukoo kama ngazi

Vallery-Radot anaanzia mbali. Anatuonyesha Claude-Étienne, babu wa Jean-Joseph, aliyejikomboa mwaka 1763 kutoka utwana wa ardhi kwa kumlipa bwana wake, mtemi wa Udressier, vipande vinne vya dhahabu. Mtu huyo alikuwa mtengeneza ngozi katika mji mdogo wa Salins, mashariki ya Ufaransa. Mwanawe Jean-Henri akafanya kazi hiyo hiyo Besançon, na Jean-Joseph, aliyeachwa yatima angali mdogo, akalelewa Salins na jamaa zake na kufundishwa kazi ya wazee wake.

Fani ya sura hiyo inafahamika upesi. Ni fani ya ngazi: mtwana anakuwa huru, mtu huru anakuwa fundi, fundi anamzaa mwanachuoni. Kila kizazi ni kipandio, na kipandio hakitazamwi kwa ajili yake chenyewe. Hutazamwa kwa ajili ya mguu utakaokikanyaga. Ubora wa fani hii ni kwamba haifichi asili ya ukoo. Kasoro yake ni kwamba msomaji anajua mwisho kabla ya mwanzo, na hivyo maisha ya mababu yanasomwa kama maandalizi tu.

Askari amfunika fundi

Jean-Joseph aliandikishwa jeshini mwaka 1811, akapigana Hispania, akafikia cheo cha sajini-meja, na mwaka 1814 akapewa nishani ya Légion d'honneur. Napoleon alipoanguka, alirudi Salins kwenye ngozi zake. Hapo Vallery-Radot anasimulia kisa kinachokumbukwa kuliko vyote katika sura hiyo: meya aliamuru askari wa zamani wasalimishe panga zao, Jean-Joseph alipouona upanga wake kiunoni mwa askari polisi, alimrukia na kumnyang'anya.

Kisa hiki ni kizuri, nacho kimesimuliwa vizuri. Lakini mhakiki hana budi kupima. Huduma ya jeshi ilichukua takriban miaka mitatu. Kazi ya ngozi ilichukua maisha yote yaliyosalia, yaani nusu karne. Hata hivyo, tendo la ushujaa limepewa askari, na fundi amepewa sifa za tabia tu: kimya, subira, uadilifu. Upanga una kisa chake. Kisu cha kukwangulia manyoya hakina.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Katika karne ya 19, ngozi mbichi zililowekwa kwanza katika maji ya mto, kisha zikatiwa chokaa ili manyoya yalegee. Fundi alizilaza juu ya gogo na kuzikwangua, upande wa manyoya na upande wa nyama. Baadaye zilipangwa shimoni, safu kwa safu, pamoja na magome ya mwaloni yaliyosagwa, zikakaa humo miezi mingi, mara nyingine mwaka mzima au zaidi. Fundi alinunua ngozi leo na kupata fedha yake mwakani. Alifanya kazi mikono ikiwa majini, katika harufu iliyowaweka mafundi hao pembezoni mwa mji. Subira inayosifiwa katika wasifu haikuwa tabia ya kuzaliwa tu. Ilikuwa sharti la kazi: asiyeweza kungoja shimo, hakuweza kuishi kwa shimo hilo.

Nyumba ya Arbois

Mwaka 1816 Jean-Joseph alimwoa Jeanne-Étiennette Roqui, binti wa familia ya watunza bustani. Walihamia Dole, ambako Louis alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mtaa wa watengeneza ngozi, kisha Marnoz, na mwishowe Arbois, kando ya mto Cuisance. Watoto waliokua walikuwa wanne: Virginie, Louis, Joséphine na Émilie. Mama alifariki mwaka 1848, Joséphine mwaka 1850, Émilie mwaka 1853.

Ni katika barua za nyumba hii kwamba kitabu kinamshinda mwandishi wake. Louis akiwa masomoni, aliwaandikia wazazi kuhusu elimu ya Joséphine, naye baba, baada ya kutwa nzima ya kazi, alikesha akijifunza kanuni za sarufi na hesabu ili aweze kumsaidia binti huyo. Hapa fundi si kipandio tena. Ni mtu mzima anayejifunza, tena si kwa ajili ya mwana maarufu, bali kwa ajili ya msichana ambaye historia haikumkumbuka. Vivyo hivyo, mwaka 1838 Louis alipopelekwa Paris akiwa kijana, akaugua kwa kutamani nyumbani hata baba akaja kumchukua, alichokitamani kilikuwa harufu ya ngozi. Kile ambacho mji ulikikimbia, mtoto alikililia.

Tabaruku na hotuba

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa Pasteur mwenyewe. Mwaka 1876 alitoa kitabu chake juu ya bia, akakitabaruku kwa kumbukumbu ya baba yake. Katika maneno hayo anamshukuru kwa mfano na mashauri yake, lakini anamtaja kama askari wa zamani wa Dola ya kwanza na mwenye nishani. Ufundi wa ngozi hautajwi. Miaka saba baadaye, tarehe 14 Julai 1883, mji wa Dole ulipoweka kibao kwenye nyumba alimozaliwa, alisema na wazazi wake marehemu mbele ya umati, na safari hii aliitaja kazi ya baba, akiyafananisha maisha yake na ugumu wa kazi hiyo.

Tofauti hii haistahili kupuuzwa. Ukurasa wa kitabu cha sayansi ulidai nishani. Mtaa wa watengeneza ngozi ulidai ukweli wa mikono. Mwana yule yule alikuwa na baba wawili, kwa hadhira mbili.

Hata hivyo, mhakiki ajihadhari na hitimisho jepesi. Wako wanaovutiwa kusema kwamba mashimo ya Arbois ndiyo yaliyozaa sayansi ya uchachu. Ushahidi hauruhusu hivyo: ugunduzi mkubwa wa kwanza wa Pasteur, mwaka 1848, ulihusu fuwele, na masuala ya uchachu yalimjia kwa njia nyingine. Kumfanya fundi kuwa mwanasayansi asiyejijua ni kumnyima heshima mara ya pili, kwa kuwa ni kukiri kwamba ufundi hauna thamani mpaka uitwe sayansi.

Hitimisho

Mwaka 1995 Gerald Geison alitikisa hekaya ya Pasteur kwa kusoma madaftari yake ya maabara. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, lakini shabaha yake ilikuwa mwana. Hekaya ya baba ilibaki karibu ilivyokuwa. Jean-Joseph alipofariki Juni 1865, karakana haikufa naye; iliendelezwa na Virginie na mumewe, Gustave Vichot. Ngazi ya Vallery-Radot haina nafasi kwa binti aliyebaki.

La Vie de Pasteur kingali kitabu cha kusomwa, maana kimehifadhi barua zinazokikosoa chenyewe. Kwa mwanafunzi anayekusanya wasifu wa mafundi, wahunzi au washonaji kwa Kiswahili, funzo liko wazi: aulize kwanza kazi ilifanywaje, kwa muda gani na kwa gharama gani, kabla ya kuuliza watoto walifika wapi.